Ngano Yataka Mkulima Mwenye Macho

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakulima wa Mugoma, wilayani Ngara)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ya mkulima wa ngano na maarifa yanayompasa. Twajua kwamba baadhi yenu mmekwisha kunong'onezana: "Ngano na Mugoma, wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Chakula chetu hapa ni ndizi na maharage, na mahindi, na mihogo; fedha yetu hutoka katika kahawa. Hatukuja kumwambia mtu ang'oe mgomba hata mmoja, na atakayewaambia hivyo msimsikilize. Lakini tutazame tunachokula. Asubuhi ni chai kwa andazi. Harusi haiwi harusi pasipo chapati. Unga wote huo watoka wapi? Sehemu kubwa kabisa ya ngano inayoliwa Tanzania hununuliwa ng'ambo. Huja kwa meli mpaka pwani, husagwa huko huko pwani, kisha unga hupakiwa malorini na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 ndipo ufike kwetu huku mpakani. Kila aliyeushika njiani amekwisha kuchukua chake, na mlaji wa Mugoma ndiye anayewalipa wote.

Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikitoa karibu theluthi moja ya ngano yote inayouzwa baina ya mataifa. Bei ya unga ikapanda katika nchi nyingi za Afrika ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu. Mizinga ililia kando ya Bahari Nyeusi, na chapati ikasinyaa Afrika Mashariki. Twaona si jambo la sifa kwamba chapati ya mtoto wetu ingoje amani ya watu wasiomjua.

Na milima yetu je, yaifaa ngano? Ngano ni zao la ubaridi. Katika nchi za joto hupenda mahali palipoinuka, kuanzia kama mita 1,500 juu ya bahari na kuzidi. Milima ya Ngara upande huu wa magharibi inafika huko. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda huilima katika milima yao mirefu, kwa jembe la mkono, nao huiita ingano, neno ambalo hakuna mtu hapa anayehitaji kutafsiriwa. Huko kusini mwa nchi yetu, Makete na Njombe, wakulima wadogo wameilima miaka mingi katika miteremko ambayo trekta haiwezi hata kusimama. Basi mtu asituambie kwamba ngano ni zao la setla na mashine yake. Ila yatupasa tuseme na upande wa pili: milima yetu haikuinuka kama ya Makete, na jua letu ni kali kuliko lao. Kwa hiyo anayetaka kulima ngano hapa hana nafasi ya kubahatisha. Hana budi kuijua kazi.

Maarifa ya kwanza ni kuhesabu siku. Muhogo husamehe, ngano haisamehi. Ngano yataka maji katika miezi yake mitatu ya kwanza, kisha yataka jua kavu katika mwezi wake wa mwisho. Jumla yake ni kama miezi minne, zaidi au pungufu kidogo kwa kadiri ya mbegu na ubaridi wa mahali. Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma. Mvua zetu za pili zaanza Februari na kukoma mwezi wa Mei. Juni ni kiangazi. Tukitaka ngano ikauke kwa jua la Juni, basi mbegu iwe ardhini mwishoni mwa Februari au katika nusu ya kwanza ya Machi. Mwenye haraka atakayepanda kwa mvua za Septemba na Oktoba, ngano yake itakomaa Januari au Februari, wakati mawingu yanarudi. Suke lililokomaa likinyeshewa, punje huota zikiwa bado juu ya bua. Ngano iliyoota hivyo unga wake hauumuki, hufaa kuku.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Kipande kile kile kilichobeba maharage mvua za kwanza kitakuwa wazi Januari. Maharage huacha rutuba ardhini, nayo ngano hupenda kuja nyuma yake. Kwa hiyo hatuchukui chakula cha nyumba ili kupanda ngano. Twaipanda ngano juu ya mabaki ya maharage. Msimu unaofuata tunabadilisha tena. Anayepanda ngano juu ya ngano, mwaka baada ya mwaka, huwafuga wadudu na magonjwa yake kwa mkono wake mwenyewe.

Udongo tutausema kwa kifupi. Mbondeni panapotuama maji hapafai. Ngano hugeuka manjano ikifa kwa kiu hali miguu imo majini. Milimani nako mvua nyingi huosha udongo mpaka ukawa mchachu, na mizizi ya ngano hudumaa katika udongo mchachu. Samadi husaidia, majivu husaidia, chokaa ya kilimo husaidia zaidi. Lakini kabla ya kununua chochote mwombeni bwana shamba aupime udongo. Na mistari ikate mteremko, isishuke nao. Mnaona wenyewe mvua moja ya Aprili inavyoweza kupeleka shamba la mtu kwa jirani.

Sasa mbegu, na hapa tuwaombe mkae vizuri, maana ndipo wengi hupotelea. Usipande mbegu usiyoijaribu. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, ziweke ndani, uzitie maji kidogo kila siku. Siku ya saba fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa 85 na kuzidi, panda. Zikiwa 60, umeuziwa nusu mbegu na nusu chakula. Jaribio hilo halina gharama, nalo laweza kufanywa na mtoto wa darasa la tatu. Mkulima aliyehesabu hana haja ya kubishana na muuza mbegu, atamwonyesha kitambaa.

Mkipanda kwa mistari, ekari moja yataka kilo 40 mpaka 50. Mkitawanya kwa mkono itakula zaidi, labda kilo 60, kwani nyingine zitabaki juu na kuliwa na ndege. Mistari iwe shubiri moja hivi, na mbegu iende chini inchi moja na nusu au mbili, isizidi. Twajua kutawanya ni rahisi na mgongo hauumi. Lakini katika shamba lililotawanywa huwezi kupalilia bila kukanyaga, na ngano ikisongwa na magugu katika wiki sita za kwanza hairudi tena hata ukipalilia vizuri baadaye.

Na kupalilia kwenyewe kunataka macho. Lipo gugu linalofanana na ngano kama pacha, jani kwa jani, mpaka siku linapotoa suke ndipo mtu anashtuka. Shikeni jani pale linapolikumbatia shina. Ngano ina vimasikio viwili vidogo vyenye vinyweleo, vinavyozunguka shina kama mikono ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Gugu hilo halina vimasikio. Twaamini akina mama wataliona kabla ya wanaume. Ndivyo ilivyo katika mashamba mengi tuliyopata kuyajua, ingawa katika mikutano wanaosema ni wanaume.

Tukija kwenye adui mkubwa wa ngano, jina lake ni kutu. Tunamtaja kirefu kwa sababu ni wa nyumbani. Kutu ni ugonjwa wa ukungu, na mbegu zake ni vumbi linalopaa na upepo, halijui mpaka wala forodha. Ziko kutu tatu. Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari juu ya jani, kama mshono wa cherehani, nayo hupenda baridi. Kutu ya majani hutawanyika kwa vidoa vya rangi ya chungwa. Kutu ya shina, iliyo kali kupita zote, hutoka kwa malengelenge ya rangi ya tofali juu ya bua lenyewe. Hulipasua, na shamba lililokuwa zuri hulala chini wiki chache kabla ya mavuno.

Mwaka 1998 kutu ya shina ya aina mpya ilionekana Uganda, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, milima ya Kabale, yaani ng'ambo ya Rwanda tu kutoka hapa. Ilivunja kinga ambayo wataalamu wa dunia nzima walikuwa wameitegemea kwa miaka mingi. Wakaiita Ug99. Kutoka Uganda ilifika Kenya, ikafika Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen, na mwaka 2007 ikaonekana Iran. Mwaka 2009 ilithibitishwa hapa Tanzania. Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1970, alisimama katika uzee wake kuwaonya wakubwa wa dunia juu ya ugonjwa huu wa milima yetu. Tangu mwaka 2005 hivi, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupelekwa Njoro, nchini Kenya, zipandwe mahali penye kutu ili ionekane ipi itasimama na ipi itaanguka. Na Njoro si mgeni wa habari hiyo: ndiko alikoilima ngano Lord Delamere, setla mkubwa, mwanzoni mwa karne ya 20, nayo kutu ikamlia shamba ingawa alikuwa na fedha na ardhi kuliko alivyoweza kuihesabu. Kutu haikumwuliza rangi yake.

Basi mkulima afanyeje? Kwanza, asipande mbegu asiyoijua jina. Aulize: mbegu hii inaitwaje, na inastahimili kutu ipi? Muuzaji asiyeweza kujibu aachwe na mzigo wake. Pili, mlima mzima usipandwe mbegu ya aina moja. Kutu ikiishinda moja, nyingine ibaki. Tatu, shamba litembelewe mara mbili kwa wiki, asubuhi, majani yafunuliwe. Mkiona doa na msijue ni kutu au ni kitu kingine, pangusieni kitambaa cheupe. Kutu huacha vumbi la rangi yake juu ya kitambaa. Madoa mengine mengi hayaachi kitu. Dawa ya kunyunyizia ipo, nayo hufanya kazi ikiwahiwa. Ikichelewa, umelipia harufu.

Ndege mnawajua, hatuna la kuwafundisha. Kweleakwelea hupenda punje ikiwa bado maziwa, basi wiki hizo shamba lisiachwe peke yake, na anayepanda peke yake mwezi ambao hakuna mwingine aliyepanda, ndege wote wa tarafa ni wake. Ndiyo sababu moja ya kupanda pamoja.

Mavuno. Punje iwekwe jinoni. Ikibonyea, ngojeni. Ikipasuka kwa kishindo kikavu, chukueni mundu. Msingoje zaidi ya hapo, kwani masuke makavu mno humwaga punje chini mnapokata. Pureni juu ya turubai, si juu ya udongo. Kinu hakinunui changarawe. Pepeteni, anikeni tena, kisha wekeni katika mifuko isiyopitisha hewa. Na kama mnataka kujua ngano yenu yafaa mkate au yafaa uji, iko njia ya wazee wa ngano isiyohitaji maabara: tafuna punje za kujaa kiganja, polepole, usimeze. Wanga ukiisha, kinabaki kitu kama ulimbo. Kikivutika bila kukatika, hiyo ni ngano ya mkate. Kikisagika kama mchanga, pikeni uji au changanyeni na nyingine. Mkienda kuuza mkiwa mmekwisha kutafuna, dalali hana la kuwadanganya.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana hatutaki mtu atoke hapa akiota nyumba ya bati. Mkulima mdogo anayevuna tani moja kwa hekta huvuna kama kilo 400 kwa ekari. Ondoa kilo 50 za mbegu ya mwakani, zinabaki 350. Ondoa mbolea, ondoa vibarua kama unao. Kinachobaki si utajiri. Anayeijua kazi aweza kuvuna mara mbili ya hapo na zaidi, na tofauti yote hiyo ni siku ya kupanda, na palizi, na kutu iliyowahiwa. Tena msifikirie kuipeleka Dar es Salaam; nauli itaila. Soko letu ni mama wa maandazi, ni kibanda cha chapati, ni shule. Mashine ya kusaga iliyo jirani, ikisafishwa vizuri unga wa mahindi, husaga ngano nzima, na unga wake ukichekechwa hutoa chapati nyekundu kidogo yenye kushibisha kuliko ile nyeupe. Wako watakaosema si nzuri kwa sababu si nyeupe. Hao tutawaachia ile ya meli.

Tunalo neno jingine, nalo ni zito. Mnajua habari za Hanang? Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 na hasa baada ya 1970, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilifungua mashamba saba ya ngano katika tambarare za Basotu, chini ya Mlima Hanang. Kila shamba lilikuwa kama ekari 10,000. Matrekta yakaja, mashine za kuvunia zikaja, na mashamba yale yakatoa sehemu kubwa ya ngano ya nchi. Tusiseme uongo: utafiti uliofanywa kwa ajili yake pale Selian, Arusha, ulitoa mbegu nzuri, na Watanzania wengi walisomeshwa.

Lakini ardhi ile haikuwa pori. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Ekari kama 100,000 zilichukuliwa, njia za ng'ombe kwenda majini zikafungwa, na makaburi ya wazee wao, ambayo huyaheshimu kupita kiasi, mengine yakapitiwa na jembe la trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Misaada ya Canada ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipuri vikawa haba, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, na ngano ikapungua. Baadaye baadhi ya ardhi iligawiwa wanakijiji, nyingine ikabaki kwa kampuni.

Twaieleza habari hii si kwa kuwacheka waliotangulia. Nia yao ilikuwa nchi ijilishe, nasi nia hiyo twaikubali. Ila tazameni tofauti: Makete hakukuwa na mashine hata moja ya kuharibika, na wakulima wa Makete bado wanalima ngano. Ujuzi wao umo mikononi na katika macho yao, na shamba ni lao. Hanang ujuzi ulikuwa katika injini, na injini zilikuwa za mtu mwingine. Kesho atakuja hapa bwana mwenye gari zuri, atasema: milima hii yafaa ngano, nipeni ekari elfu, nitawaajiri nyote. Jibu lenu liwe tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Mkutano huo ni ninyi. Msiache watu watano wakutane jioni na kusema kijiji kimekubali. Na anayelima kipande chake aombe hati ya haki miliki ya kimila mapema, kabla bei ya ardhi haijapanda na kabla ndugu hawajaanza kukumbuka urithi.

Mwisho, mbegu. Ngano hujichavusha yenyewe. Si kama mahindi yale ya kisasa ambayo lazima ununue kila mwaka. Mbegu ya ngano iliyo njema, ikichaguliwa vizuri, yaweza kurudiwa misimu mitatu au minne kabla ya kutafuta nyingine mpya. Kwa hiyo twapendekeza hivi: mwaka wa kwanza pasiwepo mtu wa kupanda zaidi ya robo ekari. Vipande vichache, katika miinuko mbalimbali, vingine juu kabisa na vingine chini kidogo, ili tuone ngano yaipenda wapi. Kila mkulima atakayepewa mbegu arudishe kilo moja na nusu kwa kila kilo aliyochukua, baada ya kuvuna, ipewe mwingine aliyekosa. Mbegu ya kurudisha ichaguliwe shambani ikiwa imesimama, kutoka mabua yaliyo safi bila kutu, wala isiwe ile iliyobaki chini ya ungo. Na ghala la mbegu litunzwe na akina mama wawili na mzee mmoja, wachaguliwe mbele ya watu wote.

Karatasi ya majina iko pale mezani. Kila atakaye aandike jina, na ukubwa wa kipande, na kilichopandwa humo msimu uliopita, na kama maji hutuama. Vitambaa vya kujaribia mbegu mje navyo wenyewe.